Mkwezi wa Missouri City

"Na hilo basi lako uliondoe hapo mbele kabla ya alasiri!"

"Si basi, Mama Intisar. Ni nyumba. Lina jiko, lina kitanda, lina choo."

"Nyumba unayo! Hii hapa, vyumba vinne na vyoo vitatu. Mtu mwenye vyoo vitatu anakwenda kutafuta cha nne chenye magurudumu, ana akili huyo?"

Abdulghafur alikuwa ameketi kwenye kidaraja cha RV yake, hiyo nyumba ya magurudumu, nje ya nyumba yao Missouri City, kando ya Houston, anajikagua viganja vilivyochunika kama viazi vilivyomenywa na mtu mwenye haraka. Alifika alfajiri, baada ya saa kumi na moja za kuendesha kutoka jangwani, upande wa El Paso. Huko alikaa miezi miwili akipanda mawe, na jangwa lenyewe alilileta nusu: mchanga masikioni, mchanga ndevuni, mchanga hata kwenye kofia ya Ijumaa.

Hamdiya, mkewe, alisimama barazani na ufagio. Hakuwa akifagia. Alikuwa ameushika tu, kama askari.

"Sikiliza, Baba Intisar. Leo Bi Nuha anakuja kuitazama nyumba. Akiridhika, wiki ijayo mwanawe Haitham analeta posa. Unavaa suti, unakaa kwenye kile kiti kikubwa, na akikuuliza kwenu ulikuwa nani, unasema karani wa bandari ya Mombasa. Maneno matano tu. Hata kasuku angeyaweza."

"Suti nitavaa. Suruali yake hii, nimeshaivaa."

"Na ukarani?"

"Ukarani siwezi. Miaka ishirini na miwili nimeubeba, mgongo umechoka."

Na ulikuwa mzigo kweli, ukarani huo. Ulianza mdogo, saizi ya punje ya mtama. Mwaka wa kwanza walipofika Houston, kwenye harusi ya watu, bibi mmoja mwenye bangili mpaka kwenye kiwiko alimuuliza Hamdiya mumewe alifanya kazi gani nyumbani. Hamdiya akajibu, "Bandarini." Hakudanganya sana. Bandarini Abdulghafur alifika, siku moja, kuchukua kifurushi cha shangazi yake, akafukuzwa getini. Harusi ya pili akawa karani. Harusi ya tatu, karani mkuu. Kufika harusi ya saba alikuwa na ofisi yenye pazia, na meli haithubutu kutia nanga mpaka yeye amalize kunywa chai.

Kazi yake ya kweli ilikuwa ukwezi. Kule Msambweni alikuwa mpanda minazi, kama baba yake na babu yake, na aliupanda mnazi upesi hata kivuli chake kikabaki chini kinamwuliza umekwenda wapi. Lakini mkwezi hapewi mtoto wa mtu. Analipwa nazi mbili tatu, anapita mlango wa nyuma, na kwa kuwa huko juu anaona nyua zote za mji, sharti apige ukelele kabla hajapanda: "Mkwezi napaa! Walio uani wajistiri!" Wanawake wakisikia wanakimbilia ndani. Wote isipokuwa mmoja, aliyechelewa kidogo na ndoo yake ya maji. Hamdiya mpaka leo anaapa kwamba hakusikia. Siku hiyo aliposhuka, Abdulghafur alikuwa amesahau nazi juu.

Houston aliendesha lori miaka ishirini, akalipa nyumba, akamsomesha Intisar mpaka akawa mfamasia. Minazi haikutajwa tena nyumbani humo. Hata tui lilinunuliwa la kopo.

Basi mwaka jana, amebakiza safari mbili astaafu, alisimamisha lori jangwani apumzike. Akaona vijana wa Kizungu kumi hivi wanatembea kwenye jua, kila mmoja amebeba godoro mgongoni. Moyo ukamruka. Akasema, maskini, wenye nyumba wamewafukuza! Na hawakuachiwa hata kitanda! Akashuka na hotipoti ya pilau na chapati zake sita, akawafuata mpaka kwenye majabali kuwapa pole.

Hawakuwa wamefukuzwa na mtu. Pilau walikula, lakini. Wakamweleza kwamba hayo magodoro wanayatandika chini ya jiwe, kisha wanalipanda jiwe, wakianguka waangukie hapo. Wamevaa viatu vidogo kuliko miguu yao, kwa makusudi. Kiunoni wana kifuko cha unga wa chaki, wanajipaka mikononi kama mtu anayetaka kukanda mahamri. Na kulala, wanalala magarini. Mmoja alikuwa daktari wa meno, ameuza nyumba yake yenye bwawa, anaishi ndani ya gari na mke na mbwa. Maji wanateka kwa madumu. Wanaoga kwa kikopo. Wanapika nje kwa kuchutama. Abdulghafur aliyatoroka maisha hayo kwa ndege mbili na foleni ya miaka sita ubalozini, na kumbe yalimtangulia, yanamsubiri jangwani, na wenye bwawa wanayagombania.

"Na jiwe lenyewe lina nini huko juu?" aliwauliza.

"Hakuna kitu."

"Hakuna hata dafu?"

Walikuwa wiki nzima wakiangushwa na jiwe moja. Daktari wa meno analiparamia, linamtema, analiparamia, linamtema. Abdulghafur alivumilia kama dakika kumi. Kisha akavua viatu, akapiga ule ukelele wake, maana jabali ni refu na huwezi kujua nani anaoga upande wa pili, akapanda. Wanaosimulia wanasema alikwenda kwa pumzi moja. Alipofika juu aliiona Meksiko yote, na hali ya hewa ilipotulia kidogo, akauona moshi wa mkaa wa Msambweni.

Chini wale vijana walipiga makofi mpaka mbwa akakimbia.

Mtu wa miaka sitini na tatu, hajawahi kupigiwa makofi maishani isipokuwa yale ya shavuni, utamzuia na nini? Akastaafu, akanunua RV kuukuu, majira ya baridi yalipofika akaondoka. Huko wanamwita Mkwezi, na daktari wa meno anamwita Bwana Mkwezi. Mabinti wenye digrii wanamwomba awatazame vidole vya miguu, kama wanaviweka sawa. Na siku hizi hakuna mtu jangwani kule anayegusa jiwe kabla hajapayuka kwanza, "Wajistiri!" Hawajui maana yake. Wanaona tu kwamba bila hilo jiwe halipandiki.

"Huko wananiita nilivyo," alisema sasa kwa sauti ya chini. "Mama Intisar, nimelizoea jina langu. Nikikaa kwenye kiti kile niseme karani, nitakuwa namtolea mtoto mahari ya uongo."

"Mahari anatoa mwanamume!"

"Basi namtoa yeye kwa uongo. Bi Nuha akiujua baadaye, atakayetazamwa kwa jicho baya ni nani? Mimi niko jangwani. Wewe uko jikoni. Mtoto ndiye atakayekuwa kwao."

Hapo alimgusa, maana ufagio ulishuka kidogo. Lakini ulipanda tena. "Bi Nuha ni mtu wa mji! Babu yake alikuwa na duka la vitambaa! Akisikia mkwezi, hatamaliza hata kikombe cha kahawa. Intisar ana miaka ishirini na mitano, na huyu Haitham ndiye wa kwanza aliyemfanya atie wanja mwenyewe bila kuambiwa. Ukinivunjia hii, Abdulghafur, wallahi utalala kwenye hilo basi mpaka kiama!"

"Mkwezi ni nini?"

Wote wawili waligeuka. Intisar alikuwa mlangoni, jicho moja lina wanja, la pili bado.

"Mpanda minazi," alisema Abdulghafur.

"Si kitu, mwanangu," Hamdiya alidakia. "Nenda kamalize jicho."

"No, Mama. Nimesikia. Baba, ulikuwa unapanda coconut trees? Na ile ofisi? Ile yenye pazia?"

"Pazia alilishona mama yako," alisema Abdulghafur.

Intisar alimtazama baba yake, kitambi kwanza, kisha goti ambalo mwenyewe humwekea dawa. "Come on, Baba. Huwezi. Mimi nilidhani jangwani unakaa tu kwenye kiti, unawapikia."

"Muulize mama yako kama siwezi."

"Asiniulize mimi, mimi sijui lolote," Hamdiya alisema upesi mno.

Abdulghafur aliinuka. Akavua viatu, akaichukua leso ya Hamdiya iliyoanikwa kwenye kiti, akaisokota, akaifunga kitanzi, akakivaa miguuni. Baraza yao ina nguzo mbili nyeupe za mviringo, ndefu mpaka kwenye paa, kama zilivyo nyumba zote za mtaa ule.

"Baba, suti!" Intisar aliita, maana suruali ya suti alikuwa ameshaivaa.

Alikwishaondoka. Miguu ikibana, mikono ikivuta, miguu ikibana, na hata kitambi kikaona aibu kikajikunja. Intisar alianza kucheka kwa kuziba mdomo, akashindwa, akaacha kuziba. Machozi yalimshuka na ule wanja wa jicho moja. "Baba! Oh my God, Baba! Panda!"

"Usimchochee! Shuka wewe! Shuka!" Hamdiya alikuwa anagonga nguzo kwa mpini wa ufagio.

Abdulghafur alifika juu, akashika ukingo wa paa, akapumua. Kutoka pale aliuona mtaa wote, bustani za nyuma, mabwawa, mbwa wa jirani. Kisha akaona kitu cha karibu zaidi, kinatembea.

"Mama Intisar," alisema.

"Sitaki kukusikia!"

"Mama Intisar, nakuambia tu kwamba..."

"Hukuwahi kuwa mkwezi! Ulikuwa karani! Na Bi Nuha akiketi nitamwambia kwa mdomo wangu mwenyewe kwamba mume wangu tangu azaliwe hajapanda hata ngazi, hajui hata mnazi una..."

Bi Nuha alikuwa ameshasimama nyuma yake, bakuli la halua mikononi, uso umeelekea juu.

Hamdiya akageuka, akamwona, akaanza kufagia.