Nyoka wa Mihogoni

Mama alikuwa mtu wa ziwani, wa Kihagara, aliyeolewa huku juu Maguu, na mpaka anaota mvi wifi zake walimwita mgeni. Kulima ngolo alijifunzia kwetu. Baba hufyeka nyasi na kuzilaza kwa miraba. Sisi wanawake tunafuata na majembe, tunachimba katikati ya kila mraba na kuzifukia zile nyasi kwa udongo, linabaki shimo, ndiyo ngolo yenyewe, la kukamata maji ya mvua. Msimu huu tulichimba watatu: Mama, shangazi na mimi.

Asubuhi hiyo udongo ulikuwa bado umelowa. Shangazi alipigiza jembe, akatoka nyoka mweusi anayeng'aa, mnene kama kidole, hujui kichwa ni kipi na mkia ni upi. Shangazi akapiga yowe.

"Mwache, wifi," Mama alisema. "Huyu hana macho wala sumu, anakula mayai ya mchwa tu. Kwetu tunachimba naye mihogo. Kumbe na huku milimani yupo!"

Alifurahi kama aliyekutana na jirani wa nyumbani.

Lakini aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Shangazi alimzika mwanawe wa pekee, aliyeumwa na kifutu shambani kwenye kahawa. "Nyoka ni nyoka!" akasema, akainua jembe. Mama akatanguliza mguu kumkinga yule nyoka, na jembe likashukia hapo. Nyoka akarudi zake ardhini.

Shangazi alifunga kidonda kwa majani na kipande cha kitenge. Tulipompeleka Mama hospitali siku chache baadaye, taya zilikuwa zimekaza. Pepopunda, walisema. Sipendi kukumbuka mgongo wake ulivyopinda. Alikufa na akili zake timamu, ila kinywa hakikufunguka.

Baba alipiga simu Kihagara, akasema mke wake amekufa kwa kuumwa na nyoka mguuni. Ni shangazi aliyemwomba aseme hivyo. Nilikuwa nimesimama palepale. Nilimtazama Baba, akageuza uso. Niliwachukia wote wawili, na sijamaliza.

Kaka mkubwa wa Mama alifika kabla ya maziko. Nikamwamkia, "Shikamoo, mjomba," akaitikia, akaketi karibu na jeneza, lililokuwa bado wazi.

"Nyoka gani aliyemuua mdogo wangu?" aliuliza.

Shangazi angejibu kifutu, mambo yakaisha. Nadhani jina hilo lilimshinda kutamka. Akaeleza alichokiona kweli: mweusi, mdogo, anang'aa, hana macho.

Mjomba aligeuka kumtazama. "Huyo wa mihogoni?" akasema. "Huyo watoto wetu wanamshika kwa mkono."

Shangazi alikuwa ameinamisha kichwa. Mjomba akainuka, akashika ukingo wa sanda.

"Nifunulieni mguu wake," akasema.