Zadock, Mshenga wa Njugu

Watu wakiniuliza mume wangu Zadock alifanya kazi gani serikalini, huwajibu kwamba alikuwa akifungisha ndoa. Wakidhani alikuwa mchungaji, nawaacha wadhani. Ukweli hauna heshima hiyo, kwa sababu aliowafungisha ndoa walikuwa maua ya njugu.

Alirudi kutoka vitani mwaka wa arobaini na sita akiwa na koti, sufuria ya jeshi na tabia ya kuamka kabla ya jogoo. Akapata kibarua katika shamba la majaribio nje ya Kisumu, ng'ambo ya reli. Mwanzoni alipalilia tu. Kisha nyapara wao, Bwana Walubengo, akaona kwamba mikono yake ni mikubwa lakini haitetemeki, akamfundisha kazi ya maua.

Siku zile njugu zilitusumbua sote. Zikishaanza kuchanua, majani yalitoka madoa meusi, yakaanguka moja moja, na ulipong'oa shina ulikuta maganda matupu. Bwana Walubengo alisema ni ukungu. Kulikuwa na njugu moja nyembamba, ya kutambaa, chungu kidogo, ambayo madoa hayakuiweza. Na kulikuwa na njugu yetu nene, tamu, ambayo ilikufa hata ukiitazama vibaya. Kazi ya Zadock ilikuwa kuzioanisha ili wazaliwe watoto wenye unene wa huyu na ugumu wa yule.

Jioni alipiga magoti, akachagua ua litakalofunguka kesho yake, akalifungua kwa kibanio kidogo na kulitoa vitu vyote vya kiume. Kulipopambazuka alichukua unga wa ua la njugu nyembamba, akalipaka lile la jana, akafunga uzi mwekundu kwenye shina ili asisahau. Uzi aliutoa kwenye kikapu changu cha kushonea. Nilijua ndoa zimekuwa nyingi nilipoona watoto wakitembea bila vifungo.

Hayo niliyavumilia. Lakini mwaka wa hamsini na tatu aliileta kazi nyumbani. Kwetu ni nyuma ya Dunga, udongo ni wa kichanga, na Bwana Walubengo alitaka mistari minane ya watoto hao wa njugu ijaribiwe huko.

"Mtoto wa njugu hajulikani kama ni mgumu mpaka augue," Zadock aliniambia.

Basi akaleta gunia la majani yenye madoa ya mwaka uliopita, akayaloweka katika chungu changu cha mboga. Jioni akachukua ufagio, akazunguka shamba letu akinyunyiza maji yale, huku akitaja mimea kwa majina ili asiruke hata mmoja.

"Baba Amolo," nikamwambia, "unajua unafanana na nini?"

"Na mtu wa serikali."

"Unafanana na mchawi anayejiroga mwenyewe."

"Basi majirani walale salama," akasema, akachovya ufagio tena.

Ni hao majirani niliowaogopa. Binti yetu Amolo alikuwa amepata mchumba, Tom, karani wa pamba kutoka Asembo. Alimpenda, na kijana alikuwa na adabu. Lakini kwetu, kabla ng'ombe wa mahari hawajaja, huja jagam, yaani mshenga, kukaa na kunusa. Anachunguza mambo mawili. Je, koo hizi mbili zina damu moja? Na je, katika boma hili kuna jajuok, mtu anayezunguka uchi kwenye mashamba wakati wenzake wamelala? Jibu moja likiwa baya, ng'ombe hugeuzwa njiani na msichana huzeekea kwa mama yake.

Jagam aliyekuja ni Benta, shangazi yake Tom, mama mnene mwenye macho madogo yasiyochoka. Alishuka basi Alhamisi akasema atalala. Nilificha chungu ghalani. Ufagio nikauweka chini ya kitanda. Kisha nikamvuta Zadock pembeni.

"Kesho asubuhi usiende shambani."

"Maua yanafunguka kesho."

"Yafunguke bila wewe."

"Mama Amolo, nimeshayahasi ishirini leo jioni. Nikiyaacha yatakuwa wajane kabla ya kuolewa."

Tukakubaliana kwamba ataenda kimya kimya na kurudi kabla mgeni hajaamka. Ahadi hiyo aliitimiza kwa namna yake. Mvua za masika zilikuwa zimeacha umande mwingi, na serikali ilikuwa imempa kaptula moja tu, ambayo siku hiyo ilitakiwa kuwa kavu na safi kwa sababu mkaguzi alikuwa anakuja kazini. Kwa hiyo aliivua, akaitundika kwenye ua wa boma, akaingia shambani na shati tu.

Nilipoamka, mkeka wa Benta ulikuwa mtupu. Nikatoka mbio. Nilimkuta amesimama karibu na ghala, leso kichwani, akitazama. Kulikuwa kumeanza kupambazuka. Katikati ya mistari mume wangu alikuwa amechuchumaa, ametupa mgongo na sehemu nyingine, akiyanong'oneza maua.

"Mama Amolo," Benta akasema bila kugeuka, "yule ni nani?"

Nilitaka kusema ni jirani, lakini shati lile nililishona mimi.

"Ni baba yake Amolo."

"Anafanya nini?"

"Anaomba Mungu."

"Bila kaptula."

Zadock akasikia sauti, akasimama, akavuta shati chini kadiri lilivyofika. "Karibu, mama," akasema. "Ila usikanyage mstari wa tatu. Wana mimba."

Nilikaa juu ya kinu. Zadock akaifuata kaptula yake, akaivaa polepole, akarudi kama mtu aliyekatizwa kazini.

"Sasa niambie," Benta akasema, "unamroga nani?"

"Mchawi hupeleka ugonjwa kwa jirani, mama. Mimi huwapa wanangu mwenyewe."

Nikafumba macho. Nikamwona Amolo akiwa na mvi, bado ananichotea maji.

Lakini Zadock alikuwa ameshainama. "Tazama. Huyu mama yake ni ile nene, baba yake ni ile nyembamba. Nyanya yake alitoka Uganda. Huyu hapa aliniponyoka, akajioa mwenyewe. Unaona majani yake? Madoa tupu. Na huyu ndugu yake, maji ni yale yale ya ugonjwa, lakini ona." Akaendelea hivyo mstari hadi mstari, vizazi vitano bila kukosea, yeye ambaye jina la babu yangu hajalishika mpaka leo.

Benta aliinama kwa shida, akashika jani la kijani. "Njugu zangu zote zilikufa mwaka jana," akasema kwa sauti ya chini. "Lakini kwa nini uwatie ugonjwa kwa makusudi?"

"Ungemwoza binti yako kwa mtu ambaye hujui akipata homa atakuwaje?"

Benta akaliachia lile jani. Zadock akatoa daftari la kazi mfukoni mwa shati, akalamba penseli.

"Na huyu Tom. Mama yake alizaa wangapi?"

Jagam haulizwi. Jagam ndiye anayeuliza. Hivyo ndivyo ilivyokuwa tangu dunia iumbwe. Nilikohoa mpaka koo likaniuma.

"Saba," Benta akajibu.

"Walio hai?"

"Sita."

"Babu wa upande wa mama, alikufa na nini?"

"Alikuwa na kifua," Benta akasema, akitazama chini kama mtoto wa shule.

Zadock akaandika. "Kifua. Kwetu hakuna kifua. Si mbaya, yule mgumu atamsaidia yule mwingine. Anachelewa kukomaa?"

Hapo Benta akacheka, akacheka mpaka leso ikamwanguka. "Miaka ishirini nafanya kazi hii," akasema akijifuta macho, "na hakuna aliyeniambia kwamba wewe ni jagam."

"Wa njugu tu, mama."

"Mimi sijawahi kushika hata penseli." Akanigeukia. "Kwetu nitasema hakuna jajuok hapa. Ila kuhusu kaptula niseme nini?"

"Sema umande," nikamwambia.

Alikaa siku mbili zaidi ili aone maua yanavyohasiwa. Aliomba mbegu, akanyimwa. Zadock alisema bado hazijaugua vya kutosha.

Ng'ombe walikuja Agosti, baada ya mavuno. Mistari sita ilikuwa imekufa, miwili imesimama, nayo njugu zake zilikuwa nyembamba kama kucha. Zadock alifurahi kuliko wageni. Tom alipompa mkono, aliushika akaugeuza, akautazama upande wa chini kama anavyotazama majani, kisha akasema ng'ombe waingie.

Asubuhi hiyo nilikuwa nimetafuta uzi mwekundu wa kushonea kifungo cha shati la Zadock nikaukosa. Jioni niliuona, umefungwa kwenye kifundo cha mkono wa Amolo. Nikauacha hapo.