Jaji Aliuliza Kama Tuliitwa

Wadogo zangu, mnisamehe mwandiko mbaya na makosa ya herufi. Nilisoma hadi darasa la nane tu, na kalamu yangu huenda polepole. Mbele za watu sina maneno, ndiyo maana naandika.

Nakumbuka siku moja tuliamka tukakuta mashine kubwa zimeegeshwa kwenye shamba tunalopakana nalo hapa Lukenya. Kaunti ilikuwa imemruhusu mwenye shamba hilo kugeuza malisho kuwa machimbo ya mawe. Sisi majirani hatukuulizwa. Nyumba ya Susu, nyanya yangu, iko karibu kabisa na mpaka, na kisima chake ndicho kinachotunywesha sote. Walipoanza kulipua miamba, ukuta wa jikoni kwake ulipasuka.

Vijana wa mwethya, kile kikundi chetu cha kulimiana na kujengeana, tukapanga kuziba barabara ya malori kwa mawe. Susu alitusikia. Hakutukemea mara moja. Alimaliza kwanza kuchambua pojo zake.

"Mwanangu," akaniambia mimi, ingawa msemaji mkuu alikuwa binamu yangu Mutua, "mwethya huingia shamba la mtu kabla mwenyewe hajaonyesha mpaka?"

Nikasema hapana.

"Basi kosa lao ni hilo hilo. Wameamua juu yetu bila kutuita. Mkiziba njia, jaji ataambiwa habari za mawe yenu, si za vumbi lao."

Mutua akacheka, akasema korti ni ya watu wa tai.

"Kavae basi," Susu akamjibu. "Ile ya shule bado unayo."

Kanisa lilitutafutia wakili, mama mmoja mpole. Alitupeleka kwanza kwenye kamati ya rufaa za mipango ya ardhi, kwa sababu sheria haitaki mtu aruke ngazi. Huko tulishindwa. Lakini hatukukata tamaa, bandu bandu huisha gogo. Tukaenda korti, Machakos mjini.

Mimi nilidhani jaji ataamua kama machimbo ni mazuri au mabaya. Wakili akanieleza kwamba jaji hakalii kiti cha kaunti. Huangalia kama waliokikalia walifuata sheria. Na kweli, jaji aliwauliza watu wa kaunti tangazo la machimbo lilibandikwa wapi, na ni jirani gani aliyesikilizwa. Wakapekua faili lao, wasitoe hata karatasi moja. Uamuzi wao ukafutwa, na mwenye machimbo akaambiwa kama bado anataka, aanze upya, nasi tusikilizwe.

"Tumeshinda?" Susu akanong'ona.

"Kwa sasa, ndiyo," wakili akasema.

Susu akalegeza kitambaa chake cha kichwa, akashusha pumzi, akasema sasa anasikia njaa. Tulikula chapati pale mjini tukicheka ovyo, kama watu waliotua magunia.

Wadogo zangu, hasira ni hasara. Mkubwa akiamua juu ya ardhi yenu, msikimbilie mawe. Ulizeni aliamuaje, na alimwita nani. Nanyi mkiitwa, nendeni, hata kama mna haya kama mimi. Ombi jipya likiletwa, nimemwambia Susu nitasimama niseme, hata kwa kigugumizi.

Mungu awalindie visima vyenu, na awape sauti siku mtakapoihitaji.

Kama kwenu, Ndithini au kwingineko, mliwahi kuitwa kwenye mkutano wa namna hii, niandikieni mlisema nini. Nataka kujifunza kabla siku yangu ya kusema haijafika.