Bomba la Kadi la Sangailu

Nikiikumbuka safari ya Sangailu damu hunichemka, kwa hiyo msitarajie sifa za mandhari hapa. Nilitumwa na ofisi inayobuni vifaa vya maji. Kijijini kulipangwa kuwekwa mabomba mapya yanayofunguka kwa kadi, kila nyumba na kadi yake, na kazi yangu ilikuwa kuwasikiliza watakaoyatumia. Bosi alinipa fomu ya visanduku vya ndiyo na hapana. Nilimwambia watu hawaongei kwa visanduku. Akasema, "We jaza tu, Mueni."

Saa kumi na mbili asubuhi tulitoka Garissa mjini: mimi, dereva, na Abdi, mkalimani wa ofisi. Hadi Masalani tulikula vumbi, na baada ya Ijara mashimo yakachukua zamu. Niliigeuza ile fomu nikaandika maswali yangu mgongoni mwake, yote yakianza na "nisimulie".

Saa nane mchana tulifika kwa Habiba, mama wa makamo mwenye ng'ombe, jirani kabisa na mahali pa bomba. Alitupa chai, kisha akataka habari kabla sijafungua mdomo. Mvua imenyesha wapi? Malisho ya njiani yakoje? Nilibabaika. Dereva ndiye aliyemjibu vizuri, maana yeye alikuwa ametazama nje.

"Edo," nikamwambia, nikimwita shangazi kama wafanyavyo huko, "nisimulie kuhusu maji wakati wa kiangazi."

Abdi alitafsiri. Habiba akazungumza kwa muda mrefu, akionyesha barabara, akionyesha mifugo, mara mbili akijipiga kifuani. Alipomaliza, Abdi akanigeukia.

"Anasema bomba ni zuri."

"Maneno yote yale, bomba ni zuri?"

"Kwa ufubi, abaayo, dada yangu. Bosi alisema tusikae sana."

Habiba akaweka kikombe chini kwa kishindo. Yeye huuza ng'ombe soko la Garissa, na Kiswahili cha sokoni anakijua.

"Abdi, wewe naongoba! Mimi habana sema hifyo. Mimi nasema, kiangazi mtu nakuja na ngamia yake, natoka mbali, sisi habana jua yeye. Ngamia nakunywa, yeye nakunywa, naenda. Sasa hii bomba nataka kadi. Yule mtu nabata kadi wabi?"

Nilimtuma Abdi akakae garini. Nusu ya hasira zangu ilikuwa juu yangu mwenyewe kwa kumwamini.

Tuliendelea wawili. Habiba aliniambia mwanawe yuko na ngamia upande wa Wajir, akinywa visimani kwa watu asiowajua. "Kadi kifika huko, kijana yangu nakufa," alisema. Alichotaka ni kitu kimoja: bomba moja lisilo na kadi, lenye birika la mifugo, kwa ajili ya mpita njia. "Moja tu. Wacha wazi." Nikamwahidi kwamba neno lake litafika.

Kesho yake tulirudi. Abdi alinuna njia nzima, nami nilinuna kumshinda.

Jumatatu asubuhi, ofisini, nilimsomea bosi maneno ya Habiba neno kwa neno. Bila kuinua uso alinijibu kwamba nimechelewa. Mabomba yote yalikuwa yameshaagizwa kabla sijatumwa, yote ya kadi. Kilichokuwa kimebaki ni ukurasa wa kuonyesha kwamba wananchi waliulizwa. Nilimfokea mbele ya watu, na sijuti. Nilikataa kuweka jina langu kwenye ukurasa ule. Jioni Abdi aliweka lake.

Nilimpigia Habiba simu, kwa sababu ahadi ilikuwa yangu. Nilimweleza ukweli wote.

"Kumbe bomba nanunua zamani," akasema. "Sasa wewe likuja kuuliza nini?"

Nilitamani anitukane, ingekuwa nafuu. Nilimwomba radhi, akaniaga kwa upole ambao sikuustahili.

Nilidhani kazi yangu ni kujua kuwauliza wenyeji. Siku hizi swali lile la Habiba namwuliza kila bosi kabla sijapanda gari: mnanituma kuuliza nini? Akianza kutafuta maneno, naweka begi langu chini.