Boya Jekundu la Fisimaji

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa kalamu wala kofia. Nilipewa nyundo ndogo yenye mpini mfupi, nikaoneshwa mnyororo mrefu uliolazwa juu ya saruji ya gati la Mwanza, na Fundi Mkuu wa Maboya akaniambia nianze kugonga. Nilikuwa kijana wa Bukoba, nimemaliza kidato cha nne, nimevaa shati jeupe ambalo mama alilinunua kwa ajili ya siku hiyo. Nikauliza nigonge nini.

"Kila pete," akasema. "Pete nzima inaitika. Iliyolika ndani inanyamaza. Ukiikuta iliyonyamaza, nyanyua mkono."

Niligonga mpaka saa tisa alasiri, na shati likawa jekundu kwa kutu. Nilinyanyua mkono mara mbili. Mara ya kwanza Fundi Mkuu, mzee wa Kikerewe, alisikiliza, akatikisa kichwa, akaniambia masikio yangu bado yana usingizi. Mara ya pili alisikiliza, akaguna, akapiga chaki. Nilifurahi kama mtu aliyepandishwa cheo.

Boya, kwa vijana msiolijua, ni pipa kubwa la chuma linaloelea majini, limepakwa rangi, na kazi yake ni kumwonesha nahodha mahali penye mwamba au kina kifupi. Chini yake kuna mnyororo, na mwisho wa mnyororo kuna bonge la zege tuliloliita jiwe. Wasafiri huliona boya na kulisifu rangi yake. Hakuna anayeliwaza jiwe. Sisi kila mwaka tuliyanyanyua maboya yote kwa winchi ya boti yetu ya kazi, tukayakwangua, tukagonga mnyororo, tukabadilisha pete zilizolika, tukayarudisha. Kabla ya kurudisha tulitia bildi, yaani kamba yenye vipimo na kipande cha risasi mwishoni, kujua kina kimebadilika kiasi gani.

Kulirudisha boya mahali pake ndiko kulikokuwa na elimu. Ziwa halina nguzo za barabarani. Tulitumia alama za nchi kavu, mbili mbili. Kwa mfano jiwe lililopakwa chokaa ufukweni na paa la misheni kilimani nyuma yake: zikifunikana, upo kwenye mstari. Lakini mstari ni mrefu, nawe unaweza kuwa popote juu yake. Kwa hiyo unatafuta alama nyingine mbili, upande mwingine, upate mstari wa pili unaoukata wa kwanza. Mistari inapokatana, hapo ndipo nyumbani kwa boya.

"Mstari mmoja ni uvumi," Fundi Mkuu alizoea kusema. "Miwili ndiyo ushahidi." Siku moja akanigeukia mimi. "Ninyi Wahaya mnapenda kuandika. Shika daftari, uandike miwili."

Daftari la ukaguzi lilibaki mikononi mwangu tangu siku hiyo, kwa sababu ya mwandiko wangu na utani wa yule mzee. Nililishika miaka mitano Mwanza. Nilipohamishiwa Musoma nililishika chini ya Msimamizi wa Gati, mtu mkali aliyekagua hata kucha zetu, na ambaye aliwahi kunirudisha ziwani mchana wa jua kali kwa kuwa niliandika "karibu" badala ya kipimo. "Karibu ni neno la kukaribishia wageni," alisema. Nilimchukia wiki nzima. Leo ningempigia magoti.

Huko Musoma ndiko nilikojuana na Bwire, nahodha wa boti ya mbao yenye injini, mtu wa Majita. Tulikuwa rika moja. Alikuwa na sauti ndogo kuliko mwili wake, na mke aliyeitwa Nyangeta ambaye sauti yake ilitosha kwa wote wawili. Nilipanga chumba karibu na ndugu zao, na Nyangeta akanizoea kiasi cha kunisema mbele za watu kwamba mwanaume anayekula ugali wa kununua kila siku atakuja kufa hana mtu wa kumlia. Niliporudishwa Mwanza kama Mkaguzi wa Maboya, nikiwa nimeshaoa, Bwire naye alikuwa ameanza kuleta abiria na magunia ya dagaa Mwanza. Nikawa na ndugu mjini.

Njia yake ilipita mahali tulipopaita Mlango wa Fisimaji, mkondo mwembamba kati ya kisiwa kidogo na nchi kavu. Upande wa kisiwa kuna mwamba uliozama kidogo tu chini ya maji, hauonekani mpaka umekuumiza. Boya jekundu lilisimama kando ya mwamba huo. Nahodha anayekuja Mwanza aliliweka kushoto kwake, akapita salama. Boti ndogo zote zilipenda mlango huo, kwa sababu nje ya kisiwa ni maji wazi, na upepo ukiamka huko mawimbi hayamwonei huruma mtu mwenye boti ya mbao.

Ukaja wakati wa soko huria. Sitaki kuwa mzee wa kulaumu kila kipya. Sabuni ilirudi madukani, nami niliinunua kama wengine. Viwanda vya minofu ya sangara vilijengwa, na boti zikawa nyingi ziwani kuliko nilivyowahi kuona. Ajabu ni kwamba boti ziliongezeka na sisi tukapunguzwa. Barua za kupunguzwa kazi zilifika kwa awamu. Tulikuwa kikosi cha watu kumi na wanne, tukawa watano, tukawa wawili. Boti yetu ya kazi, yenye ile winchi, ilipandishwa nchi kavu kusubiri mwekezaji, ikasubiri mpaka majani yakaota ndani yake. Niliipita kila asubuhi nikienda kukaa ofisini, na nilijisikia mjane.

Miaka hiyo hiyo magugu maji yaliingia. Yana ua zuri la zambarau, na watoto waliyachuma. Upepo uliyasukuma kwa pamoja, shamba zima linatembea juu ya maji, na kila lilichokikuta lilikwenda nacho. Yalijaa upande wa nchi kavu wa Mlango wa Fisimaji, yakaufanya kuwa mwembamba zaidi, hata boti zikawa zinapita zimelikumbatia boya.

Wenye boti walilalamika. Walikuja ofisini kwa barua, na barua ziliponyamaziwa wakaja kwa miguu, Bwire akiwa msemaji wao kwa sababu alikuwa hajui kutukana. Walitaka maboya yanyanyuliwe, minyororo igongwe, magugu yaondolewe kwenye mlango. Meneja wetu mpya aliwapokea vizuri. Alikuwa mtu wa adabu, mwenye tai, na hakuwa na chochote cha kuwapa. Walipoondoka alinibakiza.

"Mzee Ishengoma," alisema, "boya lisilokaguliwa ni hatari. Njia yenye hatari inafungwa. Ni tangazo la ukurasa mmoja tu."

"Na boti, bosi?"

"Zitazunguka nje."

Nilijua maana ya kuzunguka nje. Mlango mwingine ulikuwa umefungwa kwa ukurasa mmoja namna hiyo, na boti mbili zilizoshiba mizigo zikapinduka kwenye maji wazi. Meneja alinipa wiki mbili. Kama daftari lingesema boya la Fisimaji limekaguliwa, mlango ungebaki wazi. Lisiposema, ungefungwa.

Bwire alinisubiri nje. "Ndugu yangu," alisema, "andika kwamba lipo. Wakifunga pale, mimi nitapita wapi na mbao zangu hizi?"

"Siandiki nisichokiona, Bwire."

"Basi nenda ukalione."

Nilikwenda. Boti sikuwa nayo, nikapanda basi, kisha nikatembea hadi ufukweni kwenye lile jiwe la chokaa, alama ya kwanza ya boya la Fisimaji. Nikasimama nalo, paa la misheni likiwa nyuma yangu kilimani, nikatazama ziwani. Boya lilikuwa mbele yangu, limenyooka kabisa kwenye mstari. Moyo wangu ulitua.

Huo ulikuwa mstari mmoja. Mstari wa pili ulitaka niwe majini. Hatua chache kutoka nilipokuwa kulikuwa na mtumbwi, na mwenyewe ameketi anashona wavu. Ningemwamkia tu na kumwomba, angenipeleka. Basi la kurudi lilikuwa linakaribia kuondoka, na nilikuwa na njaa. Nawaandikia hivi kwa sababu vijana hudhani makosa makubwa huwa na sababu kubwa. Nilifungua daftari juu ya lile jiwe nikaandika: "Mistari miwili. Lipo mahali pake." Mwandiko wangu ulikuwa mzuri kama siku zote.

Kumbe magugu yalikuwa yamelisukuma. Upepo wa siku zile ulitoka nchi kavu kwenda kisiwani, juu ya mstari ule ule niliousimamia. Boya, pamoja na jiwe lake la zege, lilikuwa limekokotwa mbali na mimi, likauvuka mwamba, likakaa upande wake wa pili. Kutoka ufukweni, boya lililosogea mbele na lililotulia ni kitu kimoja kwa macho. Mwanafunzi wa wiki ya kwanza anajua hilo. Nililijua mimi pia.

Wiki ya tatu baada ya hapo ilikuja asubuhi ya mvua. Vilima vilifunikwa, misheni haikuonekana, na nahodha hakuwa na kitu cha kukiamini isipokuwa boya. Bwire alikuwa na abiria tisa na magunia ya dagaa, na Nyangeta alikuwa miongoni mwa hao tisa, anakuja kuuza dagaa soko la Kirumba. Aliliona boya, akaliweka kushoto kwake kama inavyotakiwa, akapita juu ya mwamba. Boti ilipasuka chini. Wavuvi waliwaokoa watu wanane pamoja na nahodha. Nyangeta alipatikana siku ya pili, ameshikwa na magugu. Nilikuwapo walipomtoa. Sitaeleza.

Kamati ya uchunguzi ilikaa kwenye ukumbi wa ofisi yetu. Mwenyekiti alikuwa mtu wa sheria, mpole. Daftari langu lilikuwa mezani, limefunguliwa kwenye ukurasa ule. Alieleza kwamba boya limekutwa nje ya mahali pake, na swali ni moja: lilihama kabla ya ajali, au magugu yalilisogeza baada yake? Daftari lilisema wiki tatu kabla ya ajali lilikuwa nyumbani. Lakini abiria wakati wa mvua walikuwa wamejifunika turubai, hawakuona kitu. Aliyeona ni nahodha.

"Uliliona boya?" mwenyekiti alimuuliza Bwire.

"Niliona."

"Ulilipita upande gani?"

Bwire alinitazama mimi, kisha akamtazama mwenyekiti. "Upande usio wake," alisema. "Mvua ilinichanganya. Kosa ni langu."

Kwa jibu hilo ikawa boya lilikuwa nyumbani asubuhi ile, na daftari langu likabaki safi. Mwenyekiti aliandika, akainua uso, akauliza kama kuna yeyote mwenye la kuongeza kabla hajafunga. Aliuliza tena mara ya pili. Nilikuwa na watoto watatu shuleni na miaka minane mbele yangu ya kufikia kustaafu. Sikuinuka kitini.

Bwire alinyang'anywa leseni ya unahodha moja kwa moja. Mlango wa Fisimaji ulifungwa kwa tangazo la ukurasa mmoja. Siku ile tulipotoka ukumbini alinipita bila kunisemesha, nami nikajifariji kwamba ni msiba. Alirudi Majita kulima mihogo.

Nilistaafu kwa heshima. Meneja alisoma hotuba na kunisifu kuwa daftari langu halikuwahi kuwa na doa, wakanipa mabati ishirini, na hayo ndiyo yaliyoezekea nyumba yangu ya Kiseke, hapa Mwanza. Mvua ikinyesha silali vizuri chini yake. Vijana wa kazi hii siku hizi wana vyombo vya kupokea vipimo kutoka angani, navyo ni vizuri, nimeoneshwa. Havina masikio ya kusikia pete iliyonyamaza, lakini pia havioni njaa, wala havina basi la kuwahi.

Mwaka jana nilisafiri kwenda Majita. Nilimkuta Bwire uani anamenya mihogo, amezeeka kunizidi. Aliponiona alinawa mikono, akanivutia kigoda, akaniuliza habari za watoto mmoja mmoja kwa majina. Nilimwacha amalize. Kisha nikamwambia nimekuja kusema nilichotakiwa kusema siku ile, na kwamba nipo tayari kwenda kukisema popote, hata kwa waandishi wa magazeti, jina lake lisafishwe.

"Nilijua uliandika mstari usiouona," alisema. "Nilijua tangu boti ilipogonga."

"Basi kwa nini ulijitwisha kosa?"

Alifikiri. "Mimi ndiye niliyekuomba uandike. Nami nilikuwa na sehemu yangu. Na huku kwetu, mtu akimwona mwenzake amezidiwa, anatanguliza bega lake. Mwenzake anasema hapana, lete, tubebe wote. Ndivyo tulivyolelewa. Hakuna anayeachiwa abebe peke yake." Aliokota kisu, akakitazama, akakiweka chini. "Nilitanguliza bega, Ishengoma. Yule bwana aliuliza mara mbili, na mara zote mbili nilikuwa nasikiliza kama kiti chako kitasogea."

Nililia, mzee mzima, mbele ya wajukuu zake. Aliniacha nilie mpaka nikamaliza, kisha akawaambia wale watoto waniletee maji ya kunawa, chakula kilikuwa tayari.