Mkia wa Boti ya Baba Mkwe

Boti ya Mzee Projestus wa Bugomora ilikuwa na ugonjwa mmoja: makalio. Ikiondoka mwaloni, pale boti zinapopakia, pua inatazama mawingu, nyuma inalamba maji, na Gosbert, mkwe wake na nahodha wake, anaendesha kwa kubahatisha.

Chanzo kilijulikana. Nyuma kabisa, kando ya mashine, palikuwa na kiti cha chuma, na juu ya kiti Mzee mwenyewe, kilo mia na ushee, dumu la rubisi, pombe ya ndizi, miguuni, akilinda petroli isiibwe na mkwe. Abiria walimwamkia shikamoo, wakanyamaza. Nani amwambie mwenye boti kwamba mzigo ni yeye? Mkwe? Mkwe hata kumtazama machoni anaona haya.

Lakini Alhamisi ilikuwa inakuja. Vero, mke wa Gosbert, mimba ya miezi minane, alitakiwa kliniki ng'ambo ya ziwa, na kuogelea hajui. Safari iliyopita alifika amelowa hadi mapajani.

Gosbert akachagua njia ya waoga: akapanda Hiace hadi Kayanga kutafuta propela.

Fundi Uwizeye aliweka mbili mezani. Ya kwanza mabawa matatu, inang'aa kama kikombe cha padri. "Hii inanyanyua pua."

"Pua tunayo ya kutosha."

"Basi hii." Mabawa manne mapana, rangi imebanduka. "Inanyanyua mkia. Ila inanyanyua ikiwa inasukuma, kaka. Ukipunguza moto wa mashine, mkia unarudi chini. Kwani nyuma umepakia nini?"

Gosbert akakohoa. "Mzigo."

"Si uuhamishe?"

"Una heshima zake."

Fundi akacheka mpaka akashika meza. "Baba mkwe! Ndugu yangu, propela ya kunyanyua baba mkwe haijatengenezwa."

Akanunua ya mabawa manne. Jumatano wakaijaribu, boti ikakaa sawa kama kitanda. "Si nilisema ni mashine!" Mzee akashangilia. Kesho yake akaja na dumu la pili.

Alhamisi hiyo Vero alikaa katikati, mikono tumboni. Walienda vizuri mpaka karibu na mafunjo, kiboko akachomoza kichwa mbele yao. Gosbert akapunguza moto. Mkia ukadidimia, na wimbi lao wenyewe likawafuata kwa nyuma, likaingia ndani. Maji yakamfika Vero magotini. Akamtazama mumewe.

"Baba," Gosbert akasema. "Shikamoo."

"Marahaba. Si tumeamkiana asubuhi?"

"Hamia mbele, Baba. Uzito ni wewe."

Ghafla abiria wote wakampenda sana yule kiboko, wakamkazia macho.

Mzee akainuka, akavuka mabenchi akishikilia vichwa vya watu, akaketi mbele na kuwapa mgongo. Mkia ukapanda palepale. Vero akaanza kukomba maji kwa bakuli.

"Kesho," Mzee akasema bila kugeuka, "uniachie boti yangu."

"Sawa, Baba."

Kiboko akazama. Gosbert akaongeza moto. Propela, isiyojua kwamba mzigo umehama, ikanyanyua mkia kama ilivyoagizwa, na pua ikachimba maji na kumrushia Mzee usoni. Gosbert akapunguza tena, taratibu. Hakuna aliyecheka. Vero aliendelea kukomba.