Butoni Tatu za Kumpokea Askofu

Wiki mbili kabla ya askofu kuja kusoma misa kwenye parokia yetu, prezida wa korali aliliona gitaa langu. Nilikuwa nimelipiga mbele yake miaka mitatu, lakini jioni ile alilikagua kama mtu anayeletewa mkwe asiyemtarajia.

"Butoni moja iko wapi?" akaniuliza.

Butoni ni zile kofia ndogo za kuzungusha sauti. Gitaa letu la umeme, jekundu, lililovuka ziwa kutoka Kigoma, lilikuwa nazo tatu: moja ya kupandisha na kushusha sauti, mbili za kuifanya iwe nzito au kali. Ile ya kwanza ilidondoka zamani ikapotea. Mimi nilikuwa nazungusha kijiti kilichobaki kwa koleo, na sijasikia kwamba kuna mwamini aliyekosa mbingu kwa sababu hiyo.

Prezida alikuwa papa mmoja wa biro, mzee wa kazi za ofisini, mwenye kalamu mbili mfukoni. Kwake jambo lisilofanyiwa mkutano halijatokea. Tulikutana, tukasali, tukaunda kamati ya ufundi. Mimi nikachaguliwa fundi mkuu, kwa kuwa niliwahi kubadilisha taa ya sakristia.

Sokoni nilipata butoni za rangi ya dhahabu, zenye namba kutoka sifuri hadi kumi. Nilitaka moja tu.

"Moja ya dhahabu na mbili nyeusi?" prezida akashangaa. "Papa, askofu atasema sisi ni watu wa namna gani? Zote tatu!"

Hivyo butoni mbili nyeusi, nzima kabisa, zisizo na kosa lolote, zikahukumiwa kung'olewa.

Jumamosi baada ya mazoezi, korali nzima ikabaki ukumbini kutazama. Nikavuta ya kwanza kwa vidole, ikakataa. Nikazungusha huku nikivuta, ikakataa. Mama mmoja wa sauti ya kwanza akanipa kijiko. Ningesema hapana. Lakini macho thelathini yalikuwa juu yangu, na fundi mkuu hasemi hapana. Nikaingiza mpini wa kijiko chini ya butoni, nikakandamiza kama mtu anayefungua chupa ya bia.

Ta!

Butoni ikapasuka vipande viwili. Kimoja kikaruka hadi kwenye benchi la sauti za nne. Pale mpini ulipoegemea, rangi nyekundu ilibanduka, ukabaki mti mweupe, ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Nilisikia joto masikioni.

Prezida alikohoa, akamwambia katibu: "Andika: butoni imevunjika yenyewe."

Nikajaribu angalau kuvika butoni mpya kwenye kile kijiti cha ile iliyopotea zamani. Ilizunguka bure, haikushika chochote. Mtu mmoja akashauri gundi, mwingine nyundo. Hapo mzee wa ngoma, ambaye huongea mara mbili kwa mwaka, akasema kuna fundi redio nyuma ya soko, papa Mwislamu, babu zake walikuwa wachuuzi wa ziwani.

Prezida akaweka mkono juu ya gitaa.

"Lakini gitaa limebarikiwa," prezida akasema taratibu. "Atalishika vipi?"

"Umeme wa bwawa la Bendera unaingia humu kanisani kila siku," mzee wa ngoma akajibu. "Nani aliuliza wafanyakazi wa kule wanasali wapi?"

Katibu hakuandika hilo.

Fundi redio alipoitwa alikuja mwenyewe, kofia kichwani, akatusalimia wote mmoja mmoja. Akalilaza gitaa juu ya kitenge, akapitisha kidole penye kovu.

"Nani alitumia kijiko?"

Wanakorali wote wakatazama dari. Mimi pia nilitazama dari.

"Nipeni kamba, nyembamba lakini ngumu."

Hatukuwa nayo. Fundi akatazama chini, akaona viatu vya prezida, vyeusi, vinang'aa.

"Papa, samahani. Naomba kamba ya kiatu."

Prezida alivua kamba polepole, kama mtu anayevuliwa cheo. Fundi akaipitisha chini ya butoni nyeusi iliyobaki, akaizungusha mara moja, akashika ncha mbili, akavuta juu, wima, bila kuegemea upande wowote. Butoni ikatoka taratibu, nzima. Hakuna aliyesikia kitu.

Kisha akaniita karibu, akanionyesha kile kijiti nilichokuwa nazungusha kwa koleo. Kilikuwa na ufa katikati, na nusu zake mbili zilikuwa zimebanana.

"Wewe njo ulizibana hizi na koleo lako," akasema, si kwa ukali. Akaingiza ncha ya wembe ndani ya ufa, akazitanua kidogo sana. Akazungusha kijiti hadi mwisho wa chini, akaelekeza sifuri ya butoni mpya mahali pake, akaisukuma kwa kidole gumba. Ikashika. "Usigonge kamwe. Hizo mbili malizia wewe."

Nilimalizia kwa kidole gumba, bila kugonga. Zilishika zote.

Askofu alikuja. Sare mpya ya korali ilikuwa na mikono mipana kama mabawa ya bata, na mkono wangu wa kulia ulizifunika butoni zote tatu kuanzia wimbo wa kuingia hadi baraka. Mwishoni prezida aliishukuru kamati ya ufundi, akanitaja kwa cheo changu, watu wakapiga makofi. Fundi redio hakutajwa. Ningeweza kusimama niseme. Niliinamisha kichwa tu, watu wakadhani ni unyenyekevu.

Jumatatu nilikwenda kwake nyuma ya soko na ndugaa wabichi wawili, samaki wa ziwani, nikamweleza yote, hata yale makofi. Alicheka hadi akavua miwani. Halafu akasogeza redio iliyofunguliwa, akanipa nafasi kwenye benchi.

"Kaa," akasema. "Hapa hakuna kijiko."